Siku Niliyodai Haki Zangu kwa Trafiki Nikiwa na Pweza Tumboni

Haya, ntasema mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine, maana Unguja hii ndogo na nshasikia huko Fumba kuna watu wanasema nilikutwa na chupa tatu chini ya kiti, na wengine wanasema nililia (kulia sikulia, macho yalinitoka maji kwa sababu ya jua). Ukweli wenyewe ni mbaya vya kutosha, hauhitaji kutiwa chumvi. Mie Makame, mtu mzima wa miaka thelathini na moja, mwenye ndevu zangu na mchumba wangu, nilisomewa aibu yangu barabarani mchana wa Ramadhani, kwa sauti ya askari, na mkwe wangu kasimama pembeni anasikiliza.

Nnafanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja ndogo Mji Mkongwe, na asiyewahi kufunga ndani ya hoteli asinihukumu haraka. Wageni hawafungi, jiko linawaka kuanzia asubuhi, na harufu inapanda ngazi mpaka kwenye meza yangu kama vile imeagizwa. Siku hiyo mpishi alipika pweza wa nazi kwa wageni wa chumba cha juu, wageni wenyewe wakabadilisha mawazo wakaenda Mangapwani kuangalia pango, pweza akabaki. Mpishi akaniita, "Makame, pweza huyu anakwenda kutupwa." Hakusema zaidi ya hapo, wala hakunilazimisha, ntamsingizia bure. Nilijifungia stoo, penye mashuka, nikajiambia ntaonja tu. Nikaonja sahani nzima na wali wake, kisha nikaonja nusu nyengine. (Mtu wa namna hiyo, anayekula Ramadhani kwa kujificha, sisi tunamwita kobe, na mie makobe nilikuwa nikiwacheka tokea skuli.)

Sasa nshakula, nshajifuta mdomo, nimerudi mapokezi na uso wa mtu mwenye njaa, simu inalia. Ami Nassor. Huyu ndiye baba yake Rahma, na Rahma ndiye mchumba wangu, na ndoa yetu ilikuwa imepangwa mfungo mosi, sikukuu ikimalizika tu, kadi zishachapwa. Ami Nassor ana duka la vitambaa Mkunazini, na kila Ramadhani baada ya sala ya Alasiri anatoa darsa kwenye msikiti wa jirani na dukani kwake. Darsa ya mwaka ule ilikuwa ni mambo yanayotengua swaumu. Wallahi sijaongeza neno.

"Makame, gari yangu iko gereji," akasema. "Nipitie msikitini nikimaliza darsa, unipeleke Fumba, na wewe utafuturu kwetu."

Nikasema naam ami, kwa furaha zote, nikakata simu, nikapumua kwenye kiganja nikajinusa. Loo! Thomu! Thomu, vitunguu, pilipili manga, pweza mwenyewe alikuwa bado anazungumza. Nikakimbilia vyumbani, tunawawekea wageni vichupa vya dawa ya kijani ya kusukutulia mdomo, nikachukua kimoja nikasukutua mpaka ulimi ukafa ganzi. Nikatia kichupa mfukoni kwa tahadhari.

Nikaegesha kigari changu karibu na msikiti, na kwa kuwa nilicheua njiani na thomu ikarudi (thomu haina adabu), nikaona bora nisukutue tena kabla mzee hajatoka. Nikajaza mdomo, mashavu yamevimba, nnaangalia kulia na kushoto pa kutemea, mara kioo kinagongwa. Ami Nassor na kanzu yake nyeupe pe.

"Assalamu alaykum, Makame."

Sasa niambieni, mngefanya nini? Salamu lazima ijibiwe, na mtu aliyefunga akitema maji ya kijani mbele ya mwalimu wa darsa ataulizwa. Nikameza. Yote. Kooni kukawaka moto mpaka masikioni.

"Waalaykumu salaam, shikamoo ami."

"Marahaba." Akaingia, akakaa, akanusa. "Unanukia nanaa leo."

"Mswaki mpya, ami."

Tukaondoka, na hata mji hatujauacha, mbele naona koni za rangi ya machungwa, trafiki wawili, na magari yamepangwa foleni. Saa kumi na moja na kitu, kila mtu anawahi futari, nani angefikiria? Tulipofika, akaja koplo mmoja, dada kijana, kofia ya kazi juu ya hijabu, ana kimashine kidogo cha kupimia pumzi mkononi.

"Shikamoo mzee. Kaka, habari za swaumu. Tunapima ulevi madereva wote, hatumchagui mtu."

"Ulevi?" nikasema. "Mchana wa Ramadhani?"

"Ndiyo maana tumekuja," akajibu, mpole kabisa. "Wanaokunywa wanajua saa hizi hatupimi."

Hapo, jamani, ndipo nilipojimaliza. Ningepuliza kimya kimya pengine ningejieleza kwa kunong'ona, tukaachana. Lakini jana yake niliingiziwa ujumbe kwenye simu, mrefu, wa haki za dereva anaposimamishwa, nikausoma mara mbili, na Ami Nassor yuko pembeni yangu, nikaona hii ndiyo nafasi ya kumwonyesha kuwa binti yake anakwenda kwa mwanamme anayejua mambo yake. Nikashuka kwenye gari. Nikakunja mikono ya shati.

Nikamwambia afande, nna haki ya kujua jina lako na namba yako. Akanitajia vyote. Nna haki ya kuona kijibomba cha kupulizia ni kipya. Akapasua pakiti mbele ya macho yangu. Nna haki ya kuona mashine inaanza sufuri. Akaniinamishia nikaona sufuri. Na nikiandikishwa maelezo yoyote nna haki ya kusomewa kabla sijatia saini. "Kweli kabisa kaka," akasema, "hiyo watu wengi hawaijui." Nikamwangalia Ami Nassor ndani ya gari, anatikisa kichwa kwa kuridhika, na mie kifua kikazidi kutanuka.

Haki zikamalizika. Koplo akaninyooshea kijibomba, na hapo hapo nikacheua moto wa kijani, nikakumbuka kwamba ile dawa kwenye chupa imeandikwa ina spiriti.

"Siwezi," nikasema. "Nimefunga. Kitanitengulia swaumu."

Nyuma yangu foleni ishakuwa ndefu na watu washaanza kuteremka. Bwana mmoja wa vespa, kapakia mikate ya ufuta mpaka kifuani, akadakia, "Kweli anasema, kitu kikiingia mdomoni hiyo swaumu ya nini tena?" Dereva wa gari ya mchanga akamjibu, "Mdomoni si kooni, yakhe! Mbona unapiga mswaki?" "Mswaki mie sipigi baada ya adhuhuri!" "Ndiyo, harufu tunaisikia!" Watu wakacheka, wengine wakaanza kutaja masheikh wao, na mie nikapata tamaa kwamba wakigombana mpaka adhana ntanusurika. Koplo akauliza kwa adabu kama kuna mtu hapo mwenye elimu.

Nikasikia mlango wa gari yangu unafunguliwa. Ami Nassor akateremka, akaweka kofia yake sawa, akasafisha koo. Watu wakampisha, maana kumbe nusu yao wanamjua.

"Kupuliza," akasema, "ni kutoa pumzi. Kinachotengua ni kile kinachoingia kikafika ndani. Hapa hakiingii kitu." Akanigeukia, kwa huruma. "Puliza, mwanangu. Swaumu yako iko salama."

Swaumu yangu! Nikapuliza.

Kimashine kikalia. Koplo akakitazama, akanitazama, akanionyesha namba kama nilivyodai mwenyewe, na haikuwa sufuri hata kidogo.

Ami Nassor akanisogelea karibu. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza, bora angenipiga kofi. Mie najua kisa chake, Rahma alinieleza: mzee alikuwa na mdogo wake, walilelewa kitanda kimoja, pombe ikamchukua kidogo kidogo mpaka mzee akamzika kwa mikono yake. Akaniuliza kwa sauti ndogo.

"Makame. Unakunywa?"

"Sinywi, ami. Wallahi."

"Usiape, niambie kweli tu. Leo bado mapema, naweza kurejesha posa yako na watu wakasahau. Mwanangu akishaingia nyumba ya ulevi mimi sitaweza kumtoa." Akaivua kofia yake.

Koplo akaniita pembeni. "Kaka, una haki ya kupimwa tena baada ya dakika kumi na tano. Kama ni kitu cha mdomoni tu kitakuwa kimeondoka. Lakini lazima niandike ulitumia nini, saa ngapi, na sababu."

Basi fikirini hali yangu. Nikinyamaza, mimi mlevi, na Rahma simpati. Nikisema, mimi kobe, na simpati vilevile, au nampata na jina la kobe juu yake. Nikamtazama mzee anavyoizungusha kofia mkononi, roho ikanikata. Nikamwambia yule dada kila kitu, polepole, nimemgeuzia watu mgongo. Akaandika. Alikuwa na hati nzuri na haendi mbio. Akauliza pweza wa aina gani (sijui fomu inataka hilo!). Akauliza kiasi gani, na mie kwa upumbavu nikamwambia ukweli kamili.

"Haya," akasema, "sasa nikusomee."

"Afande, hiyo haki nimeisamehe. Nipe nitie saini."

"Haisamehewi, kaka. Na wewe mwenyewe umenikumbusha."

Akasoma. Na askari hafundishwi kusoma kwa kunong'ona.

"Mimi, Makame Haji, leo mchana majira ya saa nane, nikiwa stoo ya mashuka kazini kwangu, nilikula wali na pweza wa nazi, sahani moja na nusu, na baadaye ili kuondoa harufu ya thomu nilisukutua kwa dawa ya mdomo, mara mbili, na mara ya pili nilimeza..."

Kisha yule wa mikate ya ufuta, yule yule aliyenitetea, akapiga ukelele: "Kobeee!" Hapo tena hapakukalika. "Na nusu! Sahani na nusu!" "Stoo ya mashuka, jamani!" Bibi mmoja kwenye gari ya nyuma akasema astaghfirullah, lakini na yeye mabega yanamcheza. Dakika kumi na tano nilisimama pale kando ya koni, na kila gari iliyopita ilipunguza mwendo, kwa sababu waliotangulia waliwahadithia waliofuata. Nikapuliza tena. Sufuri. Koplo akanirejeshea leseni yangu, akanitakia futari njema bila kucheka, Mungu ambariki.

Mpaka Fumba Ami Nassor alitazama dirishani. Mie niliomba ardhi ipasuke, haikupasuka, barabara ile wameitengeneza vizuri.

Tuliingia nyumbani adhana inasomwa. Wanaume tumekaa ukumbini, kaka zake Rahma watatu, wanawake chumba cha pili nyuma ya pazia. Ami Nassor akazungusha sahani ya tende, kila mmoja akachukua yake, ilipofika kwangu akaivuta.

"Wewe subiri. Waambie kwanza kwa nini. Sema mwenyewe, usisemewe tena na askari."

Nikasema. Kaka zake Rahma wakatafuna tende bila kunitazama, na nyuma ya pazia vikombe vikaacha kugongana. Nilipomaliza mzee akasema kwamba mlevi angemrejeshea posa yake usiku ule ule, lakini kobe, dawa yake yeye anaijua. Ndoa haitakuwa mfungo mosi. Itakuwa nikishazilipa siku zangu zote nilizokula, na nitazilipa pale pale nyumbani kwake, anione.

"Siku ngapi?" akauliza.

"Moja, ami."

"Makame!" Sauti ya Rahma, nyuma ya pazia. Haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu anayeniomba nisimwaibishe mara ya pili.

Nikainamisha kichwa. "Sita."

Basi sikukuu ikaja ikapita, Unguja nzima inakula, na mie kila Jumatatu na Alkhamisi naomba ruhusa kazini nakwenda kufunga ukumbini kwa Ami Nassor, yeye anakunywa kahawa mbele yangu na kunisomea darsa ile ile tokea mwanzo, mie peke yangu. Kadi zikachapwa upya. Kila aliyeuliza kwa nini ndoa imesogezwa, aliambiwa ukweli, maana mzee alikataa tusingizie ugonjwa. Nimeapa, na nyinyi mashahidi, sili tena mchana wa Ramadhani hata pweza akija ananiomba kwa mikono yake yote minane.

Tulifunga ndoa mfungo pili, Ijumaa. Msikiti umejaa, kadhi kashasoma khutba, Ami Nassor kanishika mkono wa kulia kama ada, watu wote wanasubiri atamke. Hakutamka. Akaniinamia sikioni.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, baba."

"Zote?"

"Zote sita. Na ya saba nilijiongezea, kwa sababu siku ile kwenye tende niliona haya kuitaja."

Akanitazama muda mrefu mpaka kadhi akakohoa. Kisha akaubana mkono wangu, akainua sauti watu wote wasikie, akaniozesha.