Amri ya Sita

Juzi pale Nkoaranga nilimwona Mwalimu Zefania, mzee sasa, watu wanamwamkia kwa heshima. Mimi nilipita kimya. Yeye na baba yangu ndio waliomfukuza mama.

Alasiri ile mvua ilikuwa imekatika, na nyasi za paa zilinuka moshi na unyevu. Baba alitaka ubatizo, na mama alikuwa mke wake wa pili.

“Huyu aondoke,” alisema Mwalimu. “Amri ya sita, usizini.”

Baba mdogo, Mkristo tayari, akamkatalia. “Yakobo alikuwa na wake wangapi, Mwalimu?”

“Hayo ni ya torati, ndugu. Yamepita.”

“Na hiyo amri yako ya sita umeitoa wapi, kama si kwenye torati hiyo hiyo?”

Mwalimu akakunja uso. “Mzungu wa misheni amekwisha sema.”

Mama akaanza kufunga nguo zake.

Kiswahili sikukijua vizuri, lakini kuhesabu nilijua, na mimi nilikuwa mtoto wa sita wa baba. Nikamshika Mwalimu kanzu. “Nitaondoka mimi. Mama abaki.”

Akacheka, huyo. Baba akatazama chini. Hakuna aliyeniambia kwamba sita si mimi, nami nikakua nikiamini kwamba nilimfukuza mama.