Kuku wa Bibi na Kasuku wa Bluu

Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani Tarime kwa likizo, na asubuhi moja nikashuka hapo Bomani kununua sukari. Kwenye mlango wa duka walikuwa wametundika tundu lenye kasuku wadogo wanne, wale wa rangirangi ambao ukubwa wao haufiki hata ngumi ya mtoto. Watatu walikuwa wanapiga kelele zao. Wa nne alikuwa pembeni, anasugua mdomo kwenye waya, anaacha, anajikuna shavu kwa mguu, anarudi kusugua tena. Niliinama nikamtazama. Kwenye kona ya mdomo alikuwa na gamba jeupe lenye vitobo vidogovidogo, kama povu la sabuni lililokauka.

Nilimwambia mama mwenye duka asilibandue gamba lile wala asidhani ni uchafu wa chakula, amtenge na wenzake na ampeleke kwa daktari wa mifugo mapema. Akaniuliza, "Kwani wewe ni daktari?" Nikamwambia hapana, tuliwahi kuwa na ndege kama huyo. Nikaaga, nikaondoka, na nilipofika nyumbani ndipo nilipogundua sukari sikununua.

Sasa ngoja nikueleze, kwa sababu jambo hili sijawahi kulisema lote.

Baba alikuwa anafanya kazi mgodini Nyamongo, fundi wa mitambo, na alikuwa anarudi nyumbani mara mbili kwa mwezi, nguo zimejaa vumbi jekundu. Safari moja alishuka kwenye bodaboda akiwa amekumbatia tundu lililofunikwa shati. Mfanyakazi mwenzake alikuwa anahamia mbali na hakuweza kusafiri na ndege wake. Wawili, mmoja kijani, mmoja bluu. Baba akasema wa bluu ni wangu. Nilikuwa na miaka tisa, mtoto peke yangu, na sikuwahi kuambiwa kwamba kitu fulani ni changu namna ile. Mama alikuwa anashona nguo barazani, na cherehani ikianza kunguruma tu, ndege wale nao wanaanza, kana kwamba wanabishana nayo. Mpaka leo nikisikia cherehani huwa nasubiri sauti ya pili.

Mwaka huohuo babu alifariki kule Kisaka, na baba akamleta bibi tukae naye. Ng'ombe walibaki kwa baba zangu wadogo. Shamba likabaki kwa hao hao. Bibi alikuja na sanduku moja, mfuko wa ulezi, na tenga la kuku saba. Kuku wale walikuwa wake mwenyewe, aliwalea yeye, na mama zao na bibi zao aliwalea yeye. Baba alimjengea banda nyuma ya jiko.

Nilikuwa nalala naye kitanda kimoja. Alikuwa anaamka wakati baridi ya Tarime bado inauma, anajifunga khanga mbili, anatoka kufungua banda, na mimi nikiwa chini ya blanketi namsikia anaongea na kuku wake Kikurya, taratibu, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayesalimia wageni. Kisha unasikia kuni zinavunjwa, halafu harufu ya moshi, halafu uji wa ulezi. Nikitoka namwamkia, "Shikamoo bibi," naye anaitikia, "Marahaba mjukuu wangu, umeamka na mifupa yako yote?" Ulezi wake ndio uliowanenepesha ndege wangu. Kila asubuhi alikuwa ananimiminia kiganja kimoja niwapelekee.

Ugonjwa ulianza polepole. Kwanza wa bluu alikuwa anajikuna sana. Nikadhani ni tabia. Halafu nikaona unga mweupe juu ya mdomo wake, nikadhani ni chakula, nikaufuta kwa kidole. Kesho yake ulikuwepo. Nikafuta. Baada ya wiki mbili haukuwa unga tena, ulikuwa gamba gumu, na manyoya ya karibu na macho yakaanza kunyonyoka. Miguu nayo ikaota magamba kama ya mtu aliyekanyaga chokaa. Usiku alikuwa hatulii, namsikia anagongagonga waya.

Jirani yetu alikuwa mwalimu mstaafu, mfugaji wa kuku wa mayai, mtu aliyeheshimika mtaa mzima. Mama alimwita aje kumwona. Hakukaa hata dakika tano. Alisimama mbali kidogo, akatazama tundu, akatazama banda la bibi, akasema, "Huu ni utitiri. Umetoka kwenye hao kuku wa kienyeji. Mkiwabakiza hao kuku, huyu ndege atakufa."

Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda anachambua maharage. Akasema, "Huu siyo utitiri, mwalimu. Utitiri mimi naujua. Unatembea. Unajificha kwenye nyufa mchana, usiku unatoka kunyonya. Ukiwa na utitiri, mkono wako wenyewe utakuambia."

Mwalimu akacheka kwa adabu, akasema, "Mama, mambo yamebadilika."

Jioni ile bibi alichukua kitambaa cheupe kwenye mabaki ya ushonaji wa mama, akalifunika tundu lote. Akaniambia utitiri ukitoka kunyonya utapanda kwenye kitambaa, na asubuhi tutaona vidoadoa vyekundu. Kulipokucha tulikifunua pamoja, tukakipeleka mlangoni kwenye mwanga. Alikigeuza huku na huku, akapitisha vidole kwenye mikunjo yote. Kilikuwa cheupe vilevile. Akakifunga kwenye banda lake la kuku pia, siku iliyofuata, nacho kikatoka cheupe. "Unaona?" akaniambia. Niliona. Lakini mwalimu alikuwa mwalimu, na bibi alikuwa bibi tu aliyetoka Kisaka, na mimi nilitaka mtu aniambie jambo moja la kufanya ili ndege wangu apone.

Baba aliporudi Jumamosi ile, nilimkimbilia kabla hajavua viatu. Nilimwambia alivyosema mwalimu. Sikumwambia habari ya kitambaa. Nililia. Nilisema, na maneno haya nayakumbuka kama yalivyotoka, "Baba, bibi anawapenda kuku wake kuliko mimi."

Bibi alikuwa kwenye mlango wa jikoni. Alikuwa amekishika kile kitambaa, amekikunja vizuri, amekuja kumwonyesha mwanawe. Baba hakukitazama. Alikuwa amechoka. Akasema, "Mama, kuku tutanunua wengine. Huyu mtoto ameshalia vya kutosha."

Bibi alikifutika kitambaa kwenye khanga yake. Halafu akasema, "Sawa, mura. Kesho watakwenda." Mura, kwetu, ndivyo unavyomwita kijana wa kiume, na alimwita hivyo baba ingawa tayari alikuwa na mvi.

Aliwakamata mwenyewe. Hawakumkimbia. Alikuwa anamwita mmoja, anakuja, anamfunga miguu kwa kamba ya mkonge na kumlaza kwenye tenga. Ndugu wa mama waliokuwa wanarudi Sirari waliwachukua wote saba. Bodaboda ilipoondoka mimi nilikuwa nimesimama barazani, na nitakuambia ukweli, nilifurahi. Baba akachoma lile banda siku hiyohiyo.

Wa bluu hakupona. Gamba liliendelea kukua mpaka mdomo ukaanza kwenda upande, na baada ya muda wa kijani naye akaanza unga uleule. Baba alikuja na chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, anataka kuwapulizia. Bibi alimnyang'anya mkononi. "Hiyo ni ya mnyama anayefungwa kamba," akasema. "Huyu unaweza kumuua kwa harufu tu." Hilo walimsikiliza.

Asubuhi ilibaki tupu. Bibi alikuwa bado anaamka wakati uleule, nasikia mlango, halafu kimya. Anarudi, anaketi ukingoni mwa kitanda na khanga zake mbili, anasubiri kukuche.

Mtu aliyetusaidia alipatikana kwa bahati. Mtaani palikuwa na chanjo ya kichaa cha mbwa, na aliyekuwa anachanja alikuwa daktari wa mifugo, dada mmoja mchangamfu. Mama alimwomba apite nyumbani. Alimshika wa bluu kwenye kiganja kwa kitambaa, shingo katikati ya vidole viwili, bila kumbana kifua, akatoa lenzi ndogo mfukoni, akatazama mdomo, kisha pua, kisha miguu. Akaniita na mimi nitazame. Vile vitobo, akaniambia, ni njia zao. Ni vidudu vinavyochimba ndani ya ngozi na kuishi humohumo, huwezi kuviona kwa jicho.

"Ni utitiri?" mama akauliza.

"Siyo ule mnaoujua wa kuku. Ule unanyonya na kukimbia. Hawa wanahama kutoka kasuku mmoja kwenda mwingine, mara nyingi kifaranga anawapata kwa wazazi wake kiotani, anakaa nao hata miaka. Akidhoofika kidogo, wanaonekana."

"Kwa hiyo kuku…"

"Kuku gani?"

"Tulikuwa na kuku hapa."

"Hawahusiki kabisa," daktari akasema.

Bibi alikuwa palepale kwenye kigoda. Hakuinua kichwa. Daktari alipanua manyoya nyuma ya shingo ya ndege, akadondosha tone moja la dawa juu ya ngozi, akamfanyia na wa kijani. Akasema atarudi baada ya wiki mbili arudie, maana tone moja halimalizi. Tupake mafuta ya mgando kidogo sana kwenye gamba, tusizibe pua. Vijiti wanavyosimamia tuvitupe, tuweke vipya, na tundu tulioshe kwa maji ya moto. Mimi nilikuwa naitikia, "Ndiyo, ndiyo," lakini nilikuwa namtazama bibi. Daktari alipoondoka, bibi alisema neno moja tu: "Basi watapona." Akaendelea na maharage.

Baba alipopata habari alikuja na kuku majike wawili kutoka sokoni. Nilikuwa nyuma ya pazia nikamsikia anasema, "Mama, nimekosa." Bibi akamjibu, "Umekosa nini, mura? Ulikuwa unamsikiliza mtoto wako." Aliwapokea wale kuku, akawalisha, akawafungia vizuri. Lakini sikumsikia akiongea nao hata siku moja.

Mimi sikuomba msamaha. Kila asubuhi nilikuwa nasema nitamwambia jioni. Nilikuwa na aibu, na nilidhani akiendelea kunipa uji na kunifunika blanketi basi yamekwisha. Baada ya mavuno akamwambia baba anataka kurudi Kisaka, amekumbuka nyumba yake. Alinishika kichwa, akaniambia nisome. Nilimtazama akipanda gari, nikampungia mkono.

Wa bluu alipona. Gamba lilidondoka lenyewe, kipande kwa kipande, mdomo ukang'aa kama punje ya mahindi, manyoya yakarudi kuzunguka macho. Nilipanga shule zikifungwa niende naye Kisaka nikamwonyeshe bibi, na hapo ndipo ningemwambia. Mvua zilikuwa bado hazijaisha tulipopigiwa simu. Bibi alikuwa ameugua siku nne, akafariki.

Leo pale nyuma ya jiko pana tangi la maji na vyumba viwili vya wapangaji. Baba amestaafu, mikono yake inatetemeka. Cherehani ya mama imekaa stoo. Watoto wa wapangaji wanaamshwa na simu. Hakuna tena anayejua kusoma kitambaa cheupe asubuhi, na mimi niliyefundishwa nilikuwa na uhakika kwamba sifundishwi kitu.

Siku ya maziko, kule Kisaka, tulipokuwa tunaosha sufuria, shangazi aliniuliza kama mimi ndiye mwenye ndege. Nikasema ndiyo. Akasema katika miezi yake ya mwisho, kila mgeni aliyetoka Tarime bibi alikuwa anamwuliza swali moja, hata wasiotufahamu: yule ndege wa mjukuu wangu, mdomo wake umepona? Na kila mgeni alikuwa anamjibu kwamba hajui.

Ulikuwa umepona, bibi. Ulikuwa umepona kabisa, na baba alikuwa na simu yenye salio mfukoni siku zote hizo.