Mlango wa Eridadi

Huko Bwera, ukipanda kidogo kutoka barabarani kuelekea vijiji vya mlimani, kulikuwa na fundi seremala ambaye nyumba yake haikuwa na mlango. Wapita njia walicheka, maana mlango wa seremala ndio tangazo lake. Waliomjua hawakucheka, wala hawakueleza.

Jina lake Sosthène Kataliko. Alifika mwaka 1964 na mkewe Jeanine, wakikimbia vita vya Congo. Kwao Butembo askari waliuvunja mlango wao kwa vitako vya bunduki, na kisa hicho alimsimulia kila aliyempa sikio. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sosthène hakupewa jembe. Baada ya miaka michache ya kuwatengenezea watu madirisha na majeneza bila ubishi, alipewa machela.

Usidhani hilo ni jambo dogo. Gari halipandi mlima ule. Mgonjwa hushushwa mabegani mwa watu, amelazwa kwenye kitanda cha mianzi iliyosukwa chenye miti miwili ya kubebea, na kila nyumba hutoa wanaume wa kupokezana. Machela hutunzwa na mtu mmoja anayeaminika, na sharti lake ni jepesi: akisafiri, ama aiache nje barazani, ama amwachie jirani ufunguo. Siku aliyokabidhiwa, Sosthène alimwambia mkewe kwamba sasa wamekuwa watu wa hapa. Akaitundika chumba cha mbele, karibu na randa na misumeno yake, na kila Jumapili akaifuta vumbi.

Mwaka 1969 Kasese ikapata wageni. Walishuka kwenye treni na mashine za kuchezea: farasi wa mbao wanaozunguka, na gurudumu kubwa lililopandisha watu hewani na kuwashusha. Habari zikavuma hadi Bwera. Sosthène alisema huo ni upuuzi wa kula jasho la watu, na alisema hivyo mwezi mzima. Jumamosi ya mwisho, Wahab, dereva wa lori la pamba, akapanda hadi uani kwake.

"Fundi, ile magurudumu inaisha leo. Kama munaenda, tuende sasa. Mimi singoji mutu."

Sosthène alikuwa na gundi mikononi. Akamtazama Jeanine. Mwanamke huyo hakuwa ameomba kitu chochote tangu wavuke mpaka, na hata sasa hakuomba, ila aliacha kufagia. Basi seremala akanawa, akavaa koti, akafunga mlango kwa kufuli.

"Na machela?" Jeanine akauliza. "Funguo utaachia nani?"

Kabugho, jirani yao, alikuwa akipita na kuni zake. Ufunguo ungekuwa wake kwa kunyoosha mkono tu. Lakini Sosthène alikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hutaka kuchekesha.

"Tutarudia magaribi, mama," alimwambia. "Ni nani anagonjwaka Jumamosi?"

Kabugho akacheka, Wahab naye akacheka. Ufunguo ukaenda Kasese mfukoni mwa koti.

Nisiwanyime haki yao: walifurahi. Gurudumu lilipowafikisha juu kabisa, Jeanine alimshika mumewe mkono, akacheka hadi machozi. Sosthène hakuwa amekisikia kicheko hicho tangu Butembo, akamlipia tena. Walipokwisha akanunua kofia ya karatasi nyekundu, ndefu yenye ncha, akaivaa kichwani mtu mzima na ndevu zake.

Magharibi, kama alivyoahidi, walikuwa wakipanda njia ya nyumbani. Wakawaona wanaume wanne wakipanda mbele yao polepole, wamebeba mlango. Sosthène aliutambua mara moja, kwa kuwa ni yeye aliyeuchonga: mlango wa Eridadi, mtoto wa Kabugho. Aliwahi kujigamba kwamba mlango wake haubebwi na mtu mmoja.

"Munapeleka wapi mulango?" akauliza.

Baluku, aliyekuwa mbele, akageuka. Macho yake yalitua kwenye ile kofia, akayaondoa.

"Tunarudisha," alisema. "Alisi, bibi ya Eridadi, alishikwa na uchungu saa nne, na mwezi yake bado. Tulikuja kwako, tukakuta kufuli."

"Mungevunja!"

"Tulitaka kuvunja. Eridadi akakataa. Alisema, 'Huyu alishavunjiwa mulango huko kwao. Sisi hatutamuvunjia tena.' Akang'oa yake, tukamubeba juu yake." Baluku akahamisha uzito begani. "Ni mizito, fundi, milango yako. Na inateleza. Mama iko hai. Mutoto hapana."

Sosthène akaivua kofia na hakujua pa kuiweka. Akaikunja, akaikunja tena, akaitia mfuko ule ule wenye ufunguo. Alitamani wamtukane. Walimtakia usiku mwema, mmoja baada ya mwingine, wakaendelea na mzigo wao.

Baada ya maziko Eridadi alimwita aurudishe mlango mahali pake. Sosthène aliusugua kwanza kwa maji na mchanga, na doa moja halikutoka. Eridadi akaushikilia, yeye akakaza skrubu. Kabugho alikaa karibu akichambua maharagwe. Sosthène alingoja amwambie mwanawe yale maneno ya Jumamosi, na kila punje iliyoanguka siniani ilimgutusha. Kabugho hakusema.

Alipomaliza, akataka kuileta machela aikabidhi kwa mwingine, kwa maana hakustahili.

"Ikae kwako," Eridadi alisema. "Sisi hatujasema kitu."

Aibu ya kusutwa hupoa. Ile ya kusamehewa mbele ya mlango wenye doa haikumpoa. Siku hiyo hiyo Sosthène aliung'oa mlango wa nyumba yake mwenyewe, akaupasua kuni. Usiku walilala nyuma ya mkeka uliotundikwa, hata miaka ile askari walipokuwa wakipitapita kila mahali, na Jeanine hakumlaumu. Wala hakucheka tena kile kicheko cha juu ya gurudumu. Hilo nalo Sosthène alilihesabu kuwa deni lake.

Hakulala nje ya kijiji tena. Na kila Jumamosi, mpaka Sosthène alipofariki mwaka 1977, Kabugho alisimama na kuni zake mbele ya ule uwazi.

"Fundi, uko?"

"Niko, mama."

"Haya."

Akaenda zake. Sosthène hakupata kujua kama ile ilikuwa salamu tu. Siku nyingine za juma alipita bila kusimama.