Nondo ya Saba kwenye Grili ya Bwawa

Siku yangu ya kwanza kazini, Iringa, sikuingia majini. Mkuu wa kikosi cha wapiga mbizi alinikalisha stoo, akaweka lenzi mbili mezani, akasema, "Kijana, kupiga mbizi utajifunza kwa wiki chache. Hizi zitakusumbua miaka." Kazi yetu ilikuwa kupiga picha sehemu za mabwawa zilizozama, ili wahandisi wazikague wakiwa wakavu ofisini.

Moja ilikuwa lenzi pana ya kawaida. Huchukua eneo kubwa, na mstari ulionyooka huuacha umenyooka, ila inakutaka urudi nyuma. Nyingine tuliiita jicho la samaki. Hiyo huona karibu kila kilicho mbele yako, hata ukiwa umekaribia kitu kiasi cha kukigusa. Tuliipenda kwa sababu maji yetu ni ya tope, na ukisogea karibu, tope lililo kati yako na kitu linapungua. Ubaya wake, mstari usiopita katikati ya picha hupinda. "Usisahau kumwambia atakayeitazama," mkuu alisisitiza.

Baada ya miaka mitatu nilihamishiwa Mbeya. Bwawa langu la kwanza huko lilikuwa dogo, la kumwagilia mpunga. Mdomo wa bomba lake ulikuwa na grili mpya ya kuzuia magogo, kazi ya Asajile, fundi wa kuchomelea kutoka Mbalizi. Mvua zilikuwa zimeanza, maji kama uji wa ulezi. Nikachukua jicho la samaki. Picha zikatoka safi.

Mhandisi wa bwawa alizisifu, kisha akamwita fundi. "Mzee, angalia nondo zako. Za pembeni zote zimetoka tumbo. Naandika barua, usiguse tena bwawa lolote mkoa huu."

Fundi aliisogeza picha karibu na macho. "Mhandisi, nilizipima kwa uzi."

"Uzi wenyewe ulikuwa umelewa?"

Mimi nilikuwa nimekaa palepale, nakunywa chai ya mhandisi. Nilijua. Lakini nilikuwa mgeni, nimetoka kusifiwa, nikanyamaza.

Asubuhi iliyofuata nilirudi. Niliupiga picha mlango wa ofisi kwa lenzi ileile, nikamwonyesha mhandisi. Akautazama mlango, akaitazama picha. "Mlango wangu nao una kitambi," alisema bila kucheka. "Lakini mlango hauko majini. Niletee ushahidi wa kule chini. Barua itasubiri mpaka kesho."

Nikamfuata fundi karakanani, nikamweleza.

"Jana ulikuwa unajua?"

"Nilijua, mzee."

"Na chai yake ukainywa yote."

Alichagua nondo moja mpya, akafumba jicho moja na kuichungulia toka ncha hadi ncha, akanikabidhi. "Hii haijanywa kitu."

Majini niliifunga kwa kamba kando ya kila nondo ya grili, moja baada ya nyingine, na kila safari nikaziweka katikati ya picha. Nondo za grili zilikuwa kumi na moja. Kumi zililala sawa na ile ya fundi. Ya saba iliachana nayo kwa upana wa kidole.

Nilipotoka nilimwonyesha fundi. "Hii naweza kuiacha," nilisema.

Alitikisa kichwa. "Ukiiacha, na zile kumi hataziamini. Ipeleke."

Mhandisi alizipanga zote mezani, akazipitia mara mbili. Barua akaichana. Akaagiza nondo ya saba ibadilishwe, na ibadilishwe na fundi yuleyule.

Sikio la kushoto, lililoharibiwa na kupiga mbizi, lilinistaafisha kabla ya umri. Sasa nazunguka na kamera kavu, leo Ilula, kesho Tukuyu, mguu haujatulia, na baridi ya maji yale naikumbuka kuliko nyumba nyingi nilizokaa. Vijana huniuliza wanunue lenzi ipi. Nawaambia, kama maji ni ya tope na unataka kukiona kitu kizima, chukua jicho la samaki. Kama picha itatumika kupimia kazi ya mtu, chukua lenzi pana na usubiri maji yatulie, hata mwezi. Na nyuma ya kila picha andika lenzi uliyotumia.

Nikipita Mbalizi hushuka kwa Mzee Asajile. Nilimpa achague picha yoyote ya grili ile. Zile kumi zilizonyooka hakuzitaka. Ukutani kwake ametundika ya saba, na mteja akiuliza ni kazi ya nani, anajibu, "Yangu," kisha anaendelea kuchomelea.