Bandari ya Anga Yapita Shambani kwa Dada

Siku hizi mtu akiniuliza nafanya kazi gani, namjibu kwamba nakamua alizeti. Ni kweli, na maswali yanaishia hapo. Nilikuwa najibu kwamba mimi ni mwandishi wa hadithi za kisayansi. Jamani! Mtu anakutazama kama umemwambia umeacha dawa. "Hadithi au sayansi? Si uchague moja?" Jirani yangu hapa Mandewa, mzee mstaarabu kabisa, alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama mke wangu ana habari.

Nilifundisha fizikia sekondari mpaka chaki ikanitoka puani, na jambo moja lilikuwa likinikera. Kila chombo kinachoshuka kutoka angani kwenye vitabu kinashukia kwa wenzetu. Hakuna hata kimoja kilichowahi kupotea njia kikatua Mwankoko, kwenye viazi vya watu. Basi nikasema nitaandika mimi. Nikatunga riwaya ya miaka ijayo, ambayo ndani yake bandari ya anga inajengwa Mgori, kijijini kwetu, kando ya msitu, na mabinti wa Kinyaturu wanarusha vyombo kwenda mwezini na kurudi. Niliiandika kwa raha ambayo sijawahi kuipata tena, siyo kwenye kufundisha, siyo kwenye kukamua mafuta.

Mswada nikaupeleka Dar es Salaam kwa mchapishaji. Akakaa nao hadi nikadhani amehama nchi, kisha akanipigia simu. "Mwalimu, nimeipenda sana." Mchapishaji akikwambia ameipenda sana, tafuta pa kukaa.

"Iko kwenye mtaala?" akaniuliza.

"Haipo."

"Sasa atasoma nani?"

"Watu," nikasema.

Akacheka, masikini, kile kicheko anachochekewa mtoto aliyesema atamwoa mama yake. Halafu akanifundisha kazi. Kitabu nchini kwetu, akasema, ni kile ambacho mwanafunzi akikikosa anafeli. Vingine vyote ni mapambo ya kabati. Ila alikuwa na moyo mzuri, akanipa njia. Niweke maswali mwishoni mwa kila sura, kama vile "Taja sababu zilizomfanya rubani amkumbuke mama yake." Na iwe na funzo. "Kwa mfano huko mwezini wapande miti," akasema. Nikamkumbusha kwamba mwezini hakuna hewa. Akasema hilo si tatizo, mhariri atalishughulikia.

Nikarudi Singida na mswada wangu kwapani, nikaupeleka kwa fundi wa mjini ambaye kazi yake hasa ni kadi za harusi na kalenda. Kijana wa watu alijitahidi. Jalada lilitoka na chombo cha angani kikipaa, na maua ya waridi pembe zote nne, kwa sababu mashine ilikuwa imeshazoea. Ndani, ukurasa wa kwanza kabisa, niliweka ramani. Hii niliichora mwenyewe kwa rula, nikajivunia kama mjinga. Ilikuwa na kipimo, mshale wa kaskazini, ofisi ya kijiji, njia ya kuelekea msituni na mashamba ambayo njia ya kurukia ingepitia. Nilitumia mashamba ya kwetu, maana ardhi nyingine siijui vizuri hivyo.

Uzinduzi tukaufanya kama desturi inavyotaka. Palikuwa na mshereheshaji mwenye suti ya kung'aa, kwaya, keki iliyokatwa kwa umbo la kitabu, na mheshimiwa mmoja aliyekubali kuwa mgeni rasmi. Wasifu wangu ulisomwa kirefu, hadi shule ya msingi. Mheshimiwa akanipongeza kwa kuandika kitabu cha sayansi kitakachowasaidia watoto wetu kufaulu, akawataka walimu wakuu wakiweke maabara. Kisha akakifungua mara moja tu, kwenye ramani, akapigwa picha ameishika huku akitabasamu. Watu wakala keki wakaisifu. Kuhusu kitabu hakuna aliyesema neno, na kusema ukweli keki ilikuwa nzuri.

Baada ya hapo nikawajua wasomaji wa nchi hii vizuri. Wako wengi, msiwasingizie, tena wana hamu. "Hongera mwalimu, una PDF? Nirushie kwenye WhatsApp." Nilirushiwa salamu za namna hiyo na watu niliowafundisha, na watu wa kanisani, hata na daktari aliyekuwa akinipima presha. Duka la vitabu la mjini walikipokea kwa heshima, wakakiweka kati ya kitabu cha kemia na rundo la soksi za shule. Vinavyotoka ni vitabu vya sala na vile vya siri za kufanikiwa maishani. Nilisimama pale mchana mzima nikijifanya nachagua kalamu. Mama mmoja akakishika changu, akageuza nyuma, akamwuliza muuzaji, "Hiki ni cha kidato cha ngapi?" Alipoambiwa si cha kidato chochote, akakirudisha upesi kama kimemuunguza.

Basi nikakata tamaa, nikarudi kwenye alizeti zangu. Ndipo mwenyekiti wa kijiji cha Mgori akanipigia simu. Baada ya salamu za mifugo na mvua, akauliza kwa sauti ya mtu anayejua siri, "Mwalimu, wathamini wanakuja lini?"

"Wathamini gani?"

"Usituzunguke bwana. Wa bandari."

Nilipanda pikipiki siku hiyohiyo. Ee Mungu wangu, nilichokikuta! Huku kwetu kila mtu anajua mradi unavyokuja. Kwanza inaonekana ramani, halafu kiongozi anapigwa picha na ramani, halafu wanakuja wathamini kuhesabu nyumba na miti ya watu ili walipwe fidia. Sasa ramani ilikuwepo, na picha ya kiongozi ilikuwepo. Kijiji kikaona kilichobaki ni kujiandaa. Miche ya miembe ilikuwa imepandwa imebanana kama mchicha, mingine katikati ya njia. Vibanda vya tope vilikuwa vimeota kila mahali, havina milango, kwa sababu mthamini hahesabu milango. Mzee mmoja, nilimwamkia shikamoo, hata marahaba hakumaliza, akaniomba nisogeze ile njia ya kurukia kidogo tu, ipite na kwake.

"Mwenyekiti," nikasema, "kile ni kitabu cha hadithi."

"Kina ramani."

"Ni ramani ya kubuni."

"Ofisi yangu ni ya kubuni?" Akaninyooshea kidole ofisi yake, ilikuwa pale pale mbele yetu. "Hata nguzo za umeme tuliambiwa ni hadithi tu. Wajanja wakajenga, wakalipwa, sisi tukabaki tunashangaa. Safari hii hatushangai."

Nikamuuliza ni nani kijijini aliyekisoma kitabu chenyewe. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. Walipiga picha ramani, wakarushiana kwenye simu. Hizo kurasa nyingine zina kazi gani? Nakiri kwamba pamoja na hasira nilihisi kafuraha fulani. Mwandishi gani mwingine wa nchi hii amewahi kuamsha kijiji kizima? Kafuraha hako kalidumu mpaka nilipofika kwa dada.

Dada yangu ni mkubwa wangu kwa mbali. Ndiye aliyebaki na mama hapo nyumbani mpaka mama alipofariki, akazikwa pembeni mwa shamba, na ndiye anayelilima shamba hilo hadi leo. Chakula chake cha mwaka kinatoka hapo, hana kwingine. Mvua ilikuwa imeshanyesha vizuri. Mtama wa majirani wote ulikuwa umeshachomoza, hata wa wale waliokuwa wakijenga vibanda. Shamba la dada lilikuwa jeupe. Halikuwa limelimwa, wala mbegu hata moja haikuwa imetiwa, na yeye alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya kaburi la mama, anatazama barabara.

Damu ikanipanda. Nikajisemea, hata yeye! Hata huyu naye anasubiri fidia!

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

"Dada, mbona hujalima? Kwa heshima zote, umepatwa na nini? Msimu unapita. Utakula nini mwaka huu, utakula ramani?"

Alifungua khanga, akatoa kitabu changu, nakala niliyompa siku ya uzinduzi. Nilikishangaa. Kilikuwa kimechakaa kama kitabu cha nyimbo, kurasa zimekunjwa pembe, na alama ya mafuta ya taa kwenye jalada. Dada aliishia darasa la saba. Anasoma akitembeza kidole chini ya kila neno, na kidole hicho kilikuwa kimepita kwenye kitabu chote, maana aliniuliza habari za rubani yule mdogo kana kwamba ni mtoto wa jirani. Akaniambia hakupenda nilivyomwachisha mchumba. Nilitaka kumkumbatia. Mwaka mzima nimelia kwamba sina msomaji, kumbe ninaye, yuko Mgori.

Kisha akafungua mahali alipopakunja, akaweka kidole, akasoma kwa sauti yake ya kanisani: "Makaburi machache yaliyokuwa njiani yalihamishwa, na kazi ikaendelea."

Nilikuwa hata sikumbuki kuiandika. Ni sentensi ya kupitia tu, ile unayoiandika ili hadithi ifike kwenye mambo ya maana, vyombo na moto na kelele.

"Mama yuko njiani," dada akasema. "Nimeangalia kwenye ramani yako. Ndiyo maana sijapanda. Wenzangu wanapanda wapate kuhesabiwa. Mimi nimeacha peupe makusudi, wakija wasikute cha kuhesabu. Wasipokuwa na cha kuhesabu hawawezi kunilipa, na asiyelipwa hajakubali chochote. Kuhusu kula, Mungu anajua."

"Dada," nikasema, "hakuna anayekuja. Hakuna bandari. Ni maneno ya kutunga."

"Nani katunga?"

"Mimi. Nimekaa mezani kwangu Mandewa, nikatunga."

"Kuna mtu alikulazimisha?"

"Hakuna."

Akisharuka mpaka wa hasira dada huhamia Kinyaturu, na nilikuwa nakisubiri, lakini alibaki kwenye Kiswahili, kile cha kitabu changu. "Kwa hiyo mama umemfukua wewe."

Wakosoaji wangu wote, wale wachache wa kwenye makundi ya simu walioniambia lugha yangu ni nzito, hawakuwahi kunipiga hivyo. Nilijaribu kumweleza kwamba kwenye hadithi mtu anaweza kuandika jambo na lisiwe limetokea. Akasema anaelewa vizuri sana, yeye si mtoto. "Kama ni ya kutunga, tunga tena. Umwache mama palepale."

"Haiwezekani dada. Njia ya kurukia lazima inyooke. Ni fizikia."

"Chombo kinafika mwezini," dada akasema, "kinashindwa kuzunguka kaburi?"

Nilitoa kalamu. Nikaikata ile sentensi, na pembeni nikaandika kwamba wajenzi walipofika kwenye makaburi waliyakuta yana wenyewe, wakaipeleka njia upande wa pili wa kijiji, na kazi ikachelewa sana. Nikairekebisha na ramani. Aliyasoma maneno mapya kwa kidole, mara ya kwanza na mara ya pili, akaitikia kwa kichwa. Nikajua amemaliza. Lakini hakunyanyuka.

"Na vile vingine?" akauliza.

"Vingine vipi?"

"Vya watu. Uliniambia kwenye simu kimeenea nchi nzima, watu wanakigombania. Huko kote mama bado kafukuliwa. Watu wanasoma, wanaona kawaida."

Ni kweli nilimwambia hivyo. Ningemwambia nini, dada aliyeuza mbuzi nisome chuo? Nikatazama chini. "Dada, hakijaenea. Viko kwangu sebuleni, vimo ndani ya maboksi."

"Vyote?"

"Karibu vyote. Hakuna anayenunua."

"Na hao walionunua?"

"Hawasomi."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja dada. Ni wewe tu."

Akashusha pumzi ndefu, akafumba macho. "Asante Mungu," akasema, kwa moyo wake wote, akanyanyuka kwenye kigoda kwenda kwa jirani kuomba ng'ombe wa kulimia kabla udongo haujakauka.