Cherehani Niliyoiweka Dau

Siku moja naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, na leo utaisikiliza ukiwa pekupeku hivyohivyo. Umetoka shule bila viatu. Umeliwa kwenye karata, halafu unaniambia, "Mama, kesho navirudisha." Nimekasirika kweli. Kaa chini. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Hapahapa Igogo, kwenye banda la video, walionyesha sinema ya zamani ya wacheza karata wakubwa, mtafsiri akituwekea Kiswahili. Wanaume wamekaa mezani, dau ni nyumba nzima, na hakuna anayekunja uso. Mimi nimemaliza kidato cha nne, najiona mjanja. Nikasema, kumbe siri ni uso. Ukiwa na karata mbovu, jikaze kama unazo nzuri. Mwenzako ataogopa, ataacha, utachukua vyote.

Tukaanza kuucheza mchezo huo sisi wanawake tukingoja dagaa wakauke, dau kopo la dagaa. Niliwala wote, akabaki Bibi Kabula, muuza samaki wa kukaanga, mzee asiye na haraka. Huyo akanila siku tatu mfululizo. Siku ya nne, nina takataka mkononi na mtoto mapajani, nikakaza uso nikasema, "Naweka cherehani." Cherehani ambayo mama yangu aliuza ng'ombe Misungwi aninunulie. Nilitaka aogope.

Bibi akatafuna karanga yake mpaka ikaisha. "Fungua karata, mama."

Alikuwa na saba mbili tu. Zikanishinda.

Nikamuuliza amejuaje. Akasema, "Uso wako jiwe, nakusifu. Lakini mimi namwangalia mtoto. Ukipata karata nzuri, mkono wako unaacha kumpigapiga mgongoni. Leo hukuacha, nikajua huna kitu." Akamtazama mtoto. "Na yeye ameshajua. Mama akipata, yeye anasahaulika."

Kofi lisingeniuma kama maneno hayo.

Cherehani ikaenda kwake kwa mkokoteni, majirani wanaona. Kesho yake nikaenda, shikamoo yangu yote machozi. Hakunirudishia. "Iko barazani," akasema. "Njoo ushone kila siku, mtoto mweke hapa kwangu. Siku atakapotoka hapa mpaka kwenye mashine kwa miguu yake, bila kushikwa, ni yako."

Miezi mitano nilishona pale, mguu kwenye kanyagio, jicho kwa mtoto. Nilimchukia bibi yule. Leo kila nikimaliza sare ya shule namshukuru Mungu kwa ajili yake, maana angenirudishia siku ileile, ningeiweka tena.

Ndiyo, mtoto ni wewe. Ulitembea hatua sita, ukashika gurudumu. Bibi akacheka, "Haya, mwenye mali kaja."

Basi nisikilize. Usiweke dau kitu ambacho mtu mwingine amekitolea jasho. Ukiliwa, usirudi kukomboa kwa kucheza. Mchezea zuri, baya humfika. Na kitu chochote kikikunogea, angalia kwanza mkono wako umeacha kumshika nani. Viatu sitavidai. Kila Jumamosi utakaa hapa ushone vifungo mpaka vipatikane viatu vingine.

Mungu akubariki, mwanangu, akulindie miguu hiyo. Ndiyo iliyonirudishia cherehani. Isitembee tena pekupeku kwa ajili ya karata.