Makochi ya Mama Kulwa

Aibu hii ninayo tangu mvua za mwaka jana, na wenzangu wa kwaya wanaijua nusunusu tu, kwa hiyo leo naitoa yote mwenyewe kabla haijatiwa chumvi na watu ambao hawakuwepo. Mimi ni mtu wa kugombeza watu kwa uongo. Wajukuu wananiogopa kwa hilo. Basi jueni kwamba nimeshasema uongo na mimi, asubuhi kweupe, mbele ya wakwe wa watu.

Nyumba yangu iko Ngokolo, hapa Shinyanga mjini, marehemu mume wangu aliijenga kwa pamba ya Kishapu, msimu kwa msimu. Alipofariki, mwanangu Masanja, anayefanya kazi Geita, akaanza wimbo wa kuiuza ili nikaishi kwake. Masanja ni mtoto mzuri, na mke wake hana ubaya, ila sitaki kuzeekea kwenye nyumba ambayo lazima niulize chumvi iko wapi. Tukabishana, mwisho akasema, "Sawa mama, ikifika mavuno nyumba haijaanza kujilisha, tunauza."

Binti yake, Kabula, ndiye aliyeleta wazo. Mimi nihamie vyumba vya uani, nyumba kubwa tuipangishe kwa siku, mgeni apate sebule yake na jiko lake na ufunguo wake, na picha tuziweke kwenye simu watu waione (simu yake, yangu mimi ni kiswaswadu cha vitufe). Nikapiga deki, nikajaza simtanki, nikafua mashuka na kuyapiga pasi. Kabula akaja kupiga picha, akasimama sebuleni, akatazama viti vyangu vinne vya mbao na mkeka, akanyamaza.

Kunyamaza kule ndiko kulikoniponza. Nikavuka kwa jirani yangu Mama Kulwa, ambaye tunaazimana kila kitu tangu mabinti zake mapacha, Kulwa na Doto, wakiwa wananyonya, nikaazima seti yake ya makochi mekundu, lile kubwa na madogo mawili na mito yake. Sikuona kuwa ni uongo. Niliona ni kuazima, mbona watu wanaazima hata kitenge cha kwendea msibani. Jioni ileile makochi yakarudi kwao, lakini picha zikabaki.

Wiki mbili hazijaisha, mtu akapiga simu kutoka Katoro. Watu watano, waje Ijumaa, waondoke Jumamosi, wana shughuli ya kifamilia mjini, na wameipenda nyumba kwa sababu ya makochi, mzee wao mgongo unamsumbua.

Nikarudi kwa Mama Kulwa. Akasita, akasema Jumamosi saa sita ana ugeni wake mzito. Hakusema ugeni gani (mambo ya posa siku hizi yanafichwa mpaka yaive, watu wanaogopa midomo). Nikamwahidi saa tatu asubuhi makochi yatakuwa kwake, akakubali.

Sasa kwetu mgeni akifika unampa maji, anakaa, ndipo unamuuliza ametoka wapi, ni wa ukoo gani, anaenda kwa nani. Nimelelewa hivyo na nimelea hivyo. Ila Kabula alikuwa ameshanionya kwamba mgeni wa kulipa hapendi kuhojiwa kama yuko kituo cha polisi, unampa ufunguo, unaondoka zako. Basi nikafunga mdomo. Miaka sabini na zaidi nauliza, siku niliyoacha kuuliza ndiyo hiyo.

Wakaja. Mzee Ndalahwa, anayewauzia wachimbaji sululu na makarai pale Katoro, mke wake, ndugu zake wawili, na mtoto wao wa kiume, kijana mpole mwenye koti jipya. Nikawapa ufunguo, nikaenda kulala kwangu uani kwa amani kabisa.

Jumamosi saa tatu nikagonga. Mzee amejaa kwenye kochi kubwa, kikombe cha chai mkononi, michembe ya viazi vitamu kwenye sahani. "Mama, kochi hili limenitibu," akasema. "Tutatoka saa sita, tunakokwenda ni hapahapa karibu."

Nikasema hakuna shida. Nikatoka, nikarudi, nikachukua mito, nikasema inaanikwa juani. Nikarudi tena, nikaburuta kochi dogo mpaka nje, nikasema nafagia chini yake. Nikarudi kuchukua la pili, mke wa mzee akaniangalia sana, akaondoa mguu. Likabaki lile kubwa na mzee wake. Saa tano imepita, namsikia Mama Kulwa barabarani akiita wasukuma mkokoteni. Ningesema kweli pale pale, yangeisha. Lakini nilimfikiria Masanja na wimbo wake, nikafikiria wageni hawa wakienda kutangaza kwamba nyumba ile picha zake ni za kuazima, na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Mzee, samahani, inuka. Nadhani hilo kochi lina kunguni."

Mzee aliinuka, tena bila mgongo wowote. Wote wakaanza kujikung'uta nguo. Na mimi nageuka, mlangoni kasimama Mama Kulwa, kanga kaifunga kiunoni, wanaume wawili wa mkokoteni nyuma yake.

"Kunguni, Mama Masanja? Kwenye makochi yangu? Juzi ulipokuja kuyabembeleza hao kunguni walikuwa wamesafiri?"

Akavuta pumzi aendelee, halafu macho yake yakaangukia kwenye lile koti jipya. Kijana alishapotea nyuma ya pazia, maana kwetu huwezi kumkazia macho mama mkwe, na Mama Kulwa naye akaivuta kanga yake kichwani, akageukia ukuta. Wale wa mkokoteni wakauliza wabebe au wasibebe.

"Huyu ndiye mama yake Doto?" Mzee Ndalahwa akauliza polepole.

Kisha pazia likasema, "Ndiye, baba."

Ugeni wake mzito ndio hawa wangu. Nikamwona Doto anabaki nyumbani bila kuolewa kwa sababu ya mdomo wangu, mtoto niliyembeba mgongoni, na hapo nyumba ikanitoka akilini. Nikapiga magoti, na magoti haya hayapigwi ovyo. Nikasema, "Kunguni hawapo na hawajawahi kuwepo. Makochi ni ya huyu mama, ni mtu safi kuliko mimi. Nyumba hii ina viti vinne na mkeka. Picha zimedanganya, na aliyezidanganyisha ni mimi."

Wa kwanza kucheka alikuwa mke wa mzee. "Mimi nilishaanza kuogopa," akasema. "Nikajua safari inayofuata atanibeba mimi anianike." Hata mgongo wa Mama Kulwa, ulivyokuwa umetugeukia, ukaanza kutikisika.

Mzee akasema makochi yaende kwa mwenyewe, na wao watayafuata. Basi Ngokolo nzima ikatuona: mbele mkokoteni na makochi mekundu, nyuma wakwe na suti zao, mimi mwishoni na mito kifuani, watoto wananihesabia hatua. Posa ikapokelewa siku hiyohiyo.

Yule kijana wa pazia ndiye aliyeandika kwenye simu habari za nyumba yangu: maji yapo, mashuka safi, makochi hakuna, mwenye nyumba mkali lakini atakuambia kweli. Kabula akafuta picha za zamani, akapiga viti vyangu vinne. Nilidhani ndiyo mwisho. Kumbe watu wanakuja, wa misiba, wa harusi, wa kazi, na mavuno yamepita Masanja hajaimba; juzi ameniuliza kama kuna nafasi ya wenzake wawili wa kazini.

Mimi sasa ufunguo hautoki mkononi kabla sijamuuliza mgeni ametoka wapi na anaenda kwa nani, akasirike akitaka. Na wiki ya harusi ya Doto, Mama Kulwa alivuka kuja kwangu, viti vimepungua, anaomba vile vinne vya mbao.

Nikamwambia, "Chukua. Ila usivipige picha."